Nani amefuta uso? Magritte, Malevich na watu wasio na sura

Mwaka 1937 René Magritte, mchoraji wa Ubelgiji, alimchora Edward James, tajiri wa Kiingereza aliyewafadhili wasanii wengi wa surrealisti, yaani sanaa inayochora mambo kama ya ndotoni. James amesimama mbele ya kioo na sisi tunamwona kisogo. Kioo nacho kinaonyesha kisogo kilekile. Pembeni pana kitabu cha mwandishi Edgar Allan Poe, na chenyewe kinaakisiwa ipasavyo. Kioo basi hakina kasoro. Kimekataa mtu tu.

Wengi wanaona hapa msiba wa mwanadamu wa karne ya 20 aliyepoteza utambulisho wake. Hoja yao si nyepesi. Kwa karne nyingi wakubwa wa Ulaya walichorwa ili wajulikane: huyu ni fulani, sura yake hii, cheo chake hiki. Magritte ameuondoa ushahidi wote huo. Wengine wanarudi nyuma hadi 1912, mama yake alipojiua mtoni Sambre (inasimuliwa kwamba maiti ilikutwa nguo imeifunika uso), na kulihusisha tukio hilo na wapenzi waliofunikwa vitambaa usoni aliowachora mwaka 1928. Magritte mwenyewe hakupenda maelezo ya aina hiyo, nami niko upande wake. Ukishapewa msiba wa mama kuwa jibu, huna tena sababu ya kuitazama picha.

Tena, James amepoteza nini hasa? Jina analo, mali anayo, na nyuso zake zimebaki katika picha za kamera. Kwangu mimi, kisogo hiki kinampa faragha: anatazamwa bila kumilikiwa na anayemtazama.

Siwezi kusema hivyo juu ya wakulima wa Kazimir Malevich, mchoraji mzaliwa wa Kiev. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 aliwachora wamesimama wima mashambani, wengine hawana macho, pua wala mdomo. Ni miaka ileile ambayo serikali ya Kisovieti chini ya Stalin iliwalazimisha wakulima kuingia katika mashamba ya pamoja, na njaa ya 1932 na 1933 ikaua mamilioni, wengi wao Ukraine. Wapo wanaosema Malevich alikuwa akiendeleza tu maumbo yake ya kijiometri, yaliyompa umaarufu tangu mchoro wake wa mraba mweusi wa 1915. Inawezekana, maana mkono wa mtu hauachi mazoea yake. Lakini umbo lilelile likivishwa mkulima, wakati mkulima ananyang'anywa ardhi, haliwezi kubaki jiometri tupu.

Ndiyo maana nakataa kuwaweka James na wakulima hao kapu moja la "utambulisho uliopotea". Mmoja amefichwa, wengine wamefutwa. Na wanaodai kwamba mchoraji anayeacha uso mtupu anamdharau mtu wayakumbuke mabango ya serikali ya Kisovieti ya wakati huo. Yalijaa nyuso za wakulima wenye afya, wakitabasamu katikati ya mavuno.