Arobaini Pankow, Pilau Wilmersdorf

Pilau ya watu ishirini haibebwi mkononi kwenye treni za Berlin. Inabebwa kwa sanduku la safari, lile kubwa la kilo 23, tena liwe la magurudumu manne. La magurudumu mawili haliendi mpaka uliinamishe, na sufuria ikiinama mafuta yanahamia kwenye zipu. Sufuria ya kipenyo cha sentimeta 28 inakaa vizuri chini ya sanduku likiwa wima. Mchele kilo 2, nyama kilo moja na nusu, mfuniko ufungwe kwa kanga, juu yake foili tabaka mbili, halafu blanketi zito pande zote bila kuacha upenyo. Ikitoka jikoni ikaingia humo papo hapo, baada ya saa mbili bado inafuka. Kachumbari ina ndoo yake, haisafiri na kitu cha moto.

Hayo yote tuliyatimiza mimi na Hamadi, kijana wa Wete, Pemba, aliyekuwa ndiyo kwanza amekuja kusoma. Ilikuwa Jumapili ya mwishoni mwa Septemba, Dada Asha anamtoa mwanawe arobaini, na chakula kikubwa kimekabidhiwa kwetu. Jumapili huko supamaketi zinafungwa kwa sheria, kwa hiyo pilau isipofika wageni watakula sambusa na dua.

Maelekezo ya Dada Asha yalikuwa haya: "Berliner Straße 40, ghorofa ya tatu, bonyeza Müller." Mgeni asishangae hilo la Müller. Kengele za majengo ya Berlin kwa kawaida hazina namba za vyumba, zina majina ya ukoo. Kama hujui jina lililoandikwa pale, utabaki barabarani hata kama mwenyeji ni dada yako wa tumbo moja. Dada Asha alikuwa amepangishwa na Bwana Müller, na jina la kengeleni halijabadilishwa.

Tulikuwa tunakaa Wedding, mtaa mmoja wa Berlin, karibu na Leopoldplatz, inapopita treni ya chini ya ardhi ya U9. Na kwenye U9 hiyo hiyo, ukielekea kusini, kuna kituo kizima kinaitwa Berliner Straße. Huhitaji hata kubadilisha treni. Ni nani angeuliza zaidi?

Ndani ya behewa mbwa mmoja mkubwa alimwacha bwana wake, akaja kulala miguuni petu, pua kwenye zipu. Mbwa mkubwa Berlin anakatiwa tiketi ya bei ya punguzo, mdogo wa kubebeka hupanda bure. Hamadi tiketi yake ya muhula ilikuwa haijaanza, inaanza tarehe 1 Oktoba, akawa amenunua ya safari moja.

"Kaka, na huyu kakatiwa?"

"Kakatiwa."

"Basi mwambie asogee. Sote tumelipa."

Tukashuka Berliner Straße, tukafika namba 40, na kengeleni Müller yupo. Nikabonyeza. Mlango ukanguruma. Mlango wa namna hiyo husukumwa wakati unanguruma. Ukisubiri uache kelele ndipo uguse, umeshajifunga. Tukasukuma, tukapandisha sanduku ngazi kwa ngazi, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Hatukusikia kelele za shughuli, nikadhani wako kwenye maulidi.

Akafungua bibi wa Kijerumani, miwani shingoni. Akalitazama sanduku, akatutazama sisi. Hamadi kwa mazoea akainama: "Shikamoo bibi." Nikampigia Dada Asha palepale.

"Dada, tumefika, tuko mlangoni."

"Mlangoni kwa nani? Mimi mwenyewe nimesimama mlangoni na mtoto mkononi."

"Berliner Straße 40."

"Ndiyo."

"Kengele ya Müller."

"Hiyo hiyo."

"Chini kuna duka la dawa, lina herufi A nyekundu."

"Lipo, naliona dirishani."

"Na pale pembeni wanauza kebabu."

"Ndiyo jamani! Sasa mbona siwaoni?"

Nyuma yake nikasikia sauti ya mama mkwe: "Watelemkieni, labda wanaona haya." Hamadi uso ukambadilika. Kwa mtu wa Pemba, kuwepo mahali na usionekane ni jambo lenye maelezo yake. Akaanza kusoma Ayatul Kursi kimyakimya, mkono mmoja juu ya sanduku.

Zile alama tulizokuwa tunapeana hazikuwa na maana yoyote. A nyekundu iko kwenye maduka ya dawa Ujerumani nzima, na Berlin pembe isiyo na kebabu utaitafuta sana. Müller nalo ni jina la ukoo linaloongoza kwa wingi nchini kwao. Kumwambia mtu "bonyeza Müller" ni sawa na kumwambia mgeni Zanzibar aulizie kwa Juma.

Ukweli ulitoka kwa bahati. Dada Asha akasema, "Subirini kidogo, tramu inapita, siwasikii." Nikarudia kwa mshangao: "Tramu?"

Bibi Müller hajui Kiswahili, lakini neno hilo alilidaka. "Tram? Hapa?" Akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Akatueleza kuwa Berlin Magharibi waling'oa tramu zote, na ya mwisho ilitembea tarehe 2 Oktoba 1967. Upande wa Mashariki hawakuzing'oa. Tangu uanguke ukuta uliougawa mji, zimerudishwa magharibi sehemu chache tu, na Wilmersdorf, tulipokuwa tumesimama, si mojawapo. Anayesikia tramu chini ya dirisha yuko mahali pengine kabisa.

"Postikodi?" akauliza bibi. Nikamuuliza Dada Asha. "13187." Bibi akatikisa kichwa, akaleta ramani ya karatasi, akaanza kutuonyesha Berliner Straße moja baada ya nyingine: hii ya kwake ya Wilmersdorf, 10713 na 10715, ile ya Pankow, 13187 na 13189, ile ya Tegel, 13507, na nyinginezo. Chanzo chake ni mwaka 1920, Berlin ilipounganishwa kutoka miji 8, vijiji 59 na mashamba makubwa 27. Kila kijiji kilikuwa na barabara yake ya kwendea Berlin, na vijiji vingi, bila kushauriana na jirani, viliita hiyo barabara Berliner Straße, yaani Barabara ya Berlin. Wakaunganishwa, majina mengi wakayaacha yalivyo. Kwa hiyo anwani ya Berlin bila postikodi, au angalau jina la mtaa mkubwa kama Pankow, ni nusu ya anwani.

Na Pankow yenyewe iko jirani na Wedding! Ukipanda treni ya S2 kutoka Gesundbrunnen, ni kituo cha pili.

Hatukuweza kuondoka kwa bibi yule mikono mitupu. Tukafungua sanduku kwenye korido, moshi wa bizari ukajaa nyumba, tukampakulia sahani. Akala amesimama. Akatafuna iliki nzima, akanyamaza kidogo, akaitoa kwa adabu kwenye kitambaa. Naye akatufungia nusu ya keki ya plamu, maana Jumapili alasiri kwao ni saa ya kahawa na keki. Mfuniko tukaufunga haraka. Wali ukishuka chini ya nyuzi 60 unaanza kulea vijidudu, na tumbo la mama mkwe si la kufanyia majaribio.

Kituoni kukazuka jambo la Hamadi. Tiketi ya safari moja Berlin ina dakika 120, na zake zilikuwa hazijaisha. Lakini inaruhusu kwenda mbele tu. Ukigeuka kurudi ulikotoka, haikufai, na wakaguzi wengine huvaa nguo za kiraia. Wakikukamata ni euro 60.

"Kwa hiyo muda upo, ila njia ndiyo imekwisha?"

"Ndiyo hivyo."

"Na mbwa naye wanamfanyia haya?"

Akanunua nyingine, akaigonga kwenye kisanduku cha muhuri. Tiketi ya karatasi isiyogongwa huhesabiwa haipo. U9 mpaka Zoologischer Garten, kisha U2 mpaka mwisho wa reli, Pankow. Huko namba zikataka kututesa kidogo. Mitaa mingi ya zamani ya Berlin namba zake hupanda moja moja upande mmoja mpaka mwisho wa mtaa, halafu zinavuka na kurudi kwa upande wa pili, ukakuta 40 inatazamana na namba ya mia na kitu. Usivuke barabara kutafuta 41. Soma kibao cha jina la mtaa kwenye kona, palepale wameandika namba za kipande hicho.

Tukabonyeza Müller. Safari hii kelele za watu zilisikika tangu ngazi za chini. Pilau ilikuwa bado inafuka, sambusa hazikuwepo tena, na mama mkwe akaanza na keki ya plamu.

Wakati wa kuaga Dada Asha akatualika tena, mwezi ujao, harusi ya wifi yake. Nikatoa kalamu kabisa.

"Ni wapi, dada?"

"Bahnhofstraße." Yaani Barabara ya Stesheni.

"Bahnhofstraße ya wapi?"

"Hamwezi kupotea. Iko karibu na stesheni."

Hamadi akavaa viatu vyake bila kusema neno.