Baba Mkwe na Tairi Jeupe

Nilikuwa na matairi mawili makuukuu. Nikayapandanisha, nikayafunga kwa bolti nne, katikati nikasokomeza mto. Kiti tayari! Kilichobaki ni rangi, na rangi nilikuwa nayo: nusu kopo ya nyeupe ya mafuta iliyosalia baada ya kupaka mlango. Mlango ulipendeza. Nikajiuliza, tairi nalo lina ubishi gani?

Lina ubishi mwingi.

Nilianza kwa kulifuta na thina, kama nilivyozoea kufuta mbao. Kitambaa kikatoka cheusi. Cha pili, cheusi. Cha tano kilipotoka cheusi nikatangaza kwamba tairi limetakata, kwa sababu vitambaa vilikuwa vimekwisha. Kumbe muda wote huo thina ilikuwa inapenya ndani ya mpira, inauvimbisha na kuyaita mafuta yake yaje juu. Vidole vikaanza kunasa hata kabla sijafungua kopo. Nikaona ni dalili njema: rangi itashika.

Nikapaka tabaka tatu nzito kwa mchana mmoja. Kesho yake, inanata. Baada ya wiki, inanata, na nzi wawili wamezikwa humo wakiwa wamekunja miguu. Isitoshe, ule weupe ulishaanza kuwa rangi ya chai ya maziwa.

Sababu yake inachekesha ukiwa si wewe. Rangi ya mafuta haikauki kwa thina kuyeyuka tu. Ili iwe ngumu ni lazima ivute oksijeni kutoka hewani. Na tairi, kiwandani, huchanganywa na dawa za kuzuia oksijeni isiule mpira. Dawa hizo, pamoja na nta na mafuta, hupanda juu kidogo kidogo miaka yote. Yaani nilichukua rangi inayoishi kwa hewa nikaipaka juu ya mlinzi wa kufukuza hewa. Hizo dawa ndizo pia zinazotia nyeupe madoa ya kahawia.

Siku ya 12 akaja baba mkwe, suruali ya buluu iliyopigwa pasi ikasimama wima.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Kiti kipya hiki?”

“Kipya, baba. Karibu ukae, kimeshakauka.”

Alikaa dakika arobaini. Joto la mwili na uzito wa mtu mzima vilifanya kazi ambayo gundi ya fundi viatu ingeionea wivu. Alipoinuka ulisikika mlio mrefu, kama mtu anabandua plasta polepole kwenye mguu wenye nywele. Rangi ikaondoka naye. Kwenye tairi ukabaki weusi mtupu, wenye umbo ambalo adabu inanizuia kulieleza. Suruali ilibeba nakala yake.

Hata baada ya hapo sikukoma. Nikanunua rangi ya kupuliza, ile inayokauka kwa dakika 20, nikaijaribu kwenye gambuti. Ilikauka kweli, ikang'aa kama kigae. Hatua ya kwanza, rangi ya kifundoni ikapasuka. Ya kumi, magamba. Nilipofika uani ungeweza kunifuata kwa alama za vipande vya rangi kutoka chumbani. Mpira unakunjwa, rangi ngumu haikunjiki. Hakuna suluhu kati yao.

Mara ya tatu nikarudi kwenye tairi, ndipo nikafanya inavyotakiwa. Rangi ya zamani niliikwangua kwa kibao cha plastiki, si kisu. Nikasugua kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu, mara mbili, nikasuuza, nikaacha siku nzima likauke mpaka kwenye mifereji ya kashata zake, yale meno ya tairi. Kisha spiriti kwa kitambaa cheupe, kidogo kidogo, hadi kitambaa kitoke na wekundu hafifu wa vumbi badala ya weusi. Msasa namba 220, kuondoa mng'ao tu. Nikanyunyiza maji: yakijikusanya matone, bado kuna mafuta, rudia kuosha. Yakitandaa, endelea.

Halafu praima ya kushikiza, yaani rangi ya chini ya kuifanya ya juu ishike, kisha rangi ya maji ya akriliki ya nje, ambayo ikikauka hubaki na unyumbufu kiasi. Tabaka tatu nyembamba, za kuonekana kama umepaka kwa ubahili, saa 4 kati ya moja na nyingine. Nilichagua kijani kizito ili madoa yakija yasionekane. Ukishika haraka utaona imekauka, lakini nililiacha wiki nzima bila kuguswa. Sehemu ya kukalia sikuipaka kabisa. Rangi juu ya mpira huvumilia kutazamwa, haivumilii makalio.

Baba mkwe akarudi. Akakizunguka kiti kama anayekagua ng'ombe wa mnada. Akabonyeza pale pa kukalia kwa kidole gumba, akakizungusha, akakinusa.

“Hapo hapana rangi kabisa, baba.”

“Hata siku ile uliniambia imekauka.”

Akatoa gazeti kwapani, akalitandika mara mbili, akakaa.