Traiki ya kuegama na tela lake: nani anamvuta nani?

Ukitaja mbele ya watu kwamba unafikiria kuacha gari na kufanya shughuli zako ndogo ndogo kwa traiki ya kuegama, yaani ile baiskeli ya magurudumu matatu ambayo mwendeshaji hukaa amejilaza nyuma huku miguu ikikanyaga pedali zilizo mbele yake, utapata majibu ya aina mbili. Wapo watakaosifu kiti chake, mgongo usiouma na raha ya kutoanguka. Wengine watauliza madereva watakuonaje ikiwa kichwa chako kiko usawa wa mlango wa gari. Mwamba ngoma huvutia kwake. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinabishania kiti na kusahau tela, na kwa mtu anayekwenda kuchukua gunia, mtungi wa gesi au maboksi matatu, tela ndilo linaloamua karibu kila kitu.

Hoja ya kasi niimalize mapema. Sifa ya baiskeli za kuegama ilianzia mbali: mwaka 1933, jijini Paris, Francis Faure alipanda chombo cha Charles Mochet kilichoitwa Vélocar na kumaliza kilomita 45.055 ndani ya saa moja, akaivunja rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1914. Mwaka uliofuata shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli likazitoa baiskeli za namna hiyo kwenye mashindano yake. Ni kisa kitamu, lakini hakina cha kumsaidia mwenye tela. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo kwenye kilomita 15 kwa saa bado ni mdogo, na tela lenye maboksi linakuja na ukinzani wake lenyewe. Anayekuuzia traiki ya mizigo kwa hoja ya kasi anakuuzia rekodi ya mtu mwingine, tena ya magurudumu mawili.

Utamu halisi uko kwenye mlima. Chukua mwendeshaji wa kilo 75, traiki ya kilo 20, tela tupu la kilo 10 na mzigo wa kilo 35. Jumla ni kilo 140. Kwenye mwinuko wa asilimia 6, kupanda kwa kilomita 6 kwa saa kunadai takriban wati 155 kwenye magurudumu, kiasi ambacho mtu asiye mwanamichezo anaweza kukitoa lakini kitamtoa jasho upesi. Punguza hadi kilomita 4, yaani mwendo wa mtu anayetembea, na mahitaji yanashuka hadi karibu wati 100. Hapo wengi wetu tunaweza kuvumilia.

Tatizo la baiskeli ya kawaida ni kwamba kwenye kilomita 4 usukani unaanza kuyumba, tela linavuta pembeni, na unaishia kushuka na kusukuma. Kwenye traiki unaweka gia ndogo kuliko zote na kuendelea taratibu kama konokono. Ukichoka unasimama katikati ya mlima, unafunga breki ya kuegeshea, unapumua ukiwa umekaa, kisha unaondoka tena bila kuyumba. Mtu aliyewahi kujaribu kuanza upya mlimani akiwa na baiskeli ya magurudumu mawili na mzigo nyuma ataelewa kwa nini wenye traiki huzipenda kiasi kile.

Mlima huohuo una upande wake mchungu. Kwenye traiki huwezi kusimama juu ya pedali na kutumia uzito wa mwili, kwa hiyo kama gia haikupungua vya kutosha, magoti ndiyo yatakayolipa. Kuna pia suala la gurudumu linalosukuma. Traiki yenye magurudumu mawili mbele na moja nyuma, umbo la kiluwiluwi, husukumwa na gurudumu hilo moja la nyuma, nalo huteleza kwenye changarawe. Zile za umbo la delta, moja mbele na mawili nyuma, mara nyingi nazo husukumwa na gurudumu moja tu kati ya hayo mawili, isipokuwa ziwe na difu, kifaa kinachogawa nguvu kwa magurudumu yote mawili. (Difu kwenye baiskeli si jambo geni: James Starley aliisajili kwa ajili ya baiskeli za magurudumu matatu mwaka 1877, kabla ya Karl Benz kusajili gari lake mwaka 1886, ambalo nalo lilikuwa na magurudumu matatu.) Kwa faida yake delta ina kiti cha juu kidogo. Mwenye shughuli tano huketi na kuinuka mara tano au zaidi, na kuinuka kutoka kwenye kiti cha kiluwiluwi kilicho sentimita 25 kutoka ardhini ni mazoezi tosha.

Kuteremka ndiko kunakonitia wasiwasi, na nashangaa jinsi kunavyozungumzwa kidogo. Matela mengi ya baiskeli hayana breki. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 15 hadi 30 kwa saa, nishati ya kuzuia inakuwa mara nne, na yote inaangukia breki za traiki. Kwenye kiluwiluwi breki hizo ziko magurudumu ya mbele, kwa hiyo ukizikamata, uzito unahamia mbele na gurudumu la nyuma linabaki jepesi wakati huohuo tela linalisukuma. Kwenye njia iliyonyooka unaweza usihisi chochote. Kwenye kona, msukumo huo unakwenda pembeni, na traiki na tela vinaweza kukunjana. Kinga yake si siri: punguza mwendo kabla ya kona na si ndani yake, weka mzigo chini, na uusogeze mbele kidogo ya ekseli ya tela. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, pua ya tela inanyanyua gurudumu la nyuma la traiki na mkia wote unayumba. Uzito huo kidogo unaoelekezwa mbele ndio pia unaolisaidia gurudumu kushika changarawe wakati wa kupanda.

Nirudi kwa wenye hofu ya kutoonekana. Kwenye barabara iliyonyooka nadhani wanatia chumvi, maana kitu cha ajabu chenye bendera juu ya fimbo ndefu huvuta macho. Kwenye makutano wako sahihi kabisa. Miguu yako imetangulia macho kwa zaidi ya mita moja, kwa hiyo ili uchungulie kupita gari lililoegeshwa lazima kwanza utoe miguu barabarani. Na dereva aliyekuona na kukupisha anaweza asijue kwamba nyuma yako kuna kitu kingine. Bendera ya pili juu ya tela si pambo.

Mashimo nayo yana hesabu yake. Baiskeli ya kawaida hupita kwa mstari mmoja, kiluwiluwi kwa mitatu, na tela linaongeza miwili. Kulikwepa kila shimo haiwezekani, kwa hiyo unachagua tairi gani liingie.

Mwisho wa safari mambo yanageuka tena. Tela unalifungua na kulisukuma kwa mkono hadi mlangoni, na foleni ikiwa ndefu kiti unacho tayari. Ila traiki yenyewe ina upana wa sentimita 70 hadi 80, haipiti kila lango, na anayeishi ghorofani bila stoo ya chini sioni ataiweka wapi. Ongeza matairi matano ya kutunza na mnyororo mrefu takriban mara tatu ya ule wa kawaida.

Ndiyo maana mwenye mgongo mzima, anayejimudu kwenye magurudumu mawili na anayeishi tambarare ningemwambia anunue tela tu na alifunge kwenye baiskeli aliyonayo. Traiki inawafaa wale ambao mizani ya mwili imewaacha kwa umri au maradhi, wenye viganja na migongo isiyostahimili usukani wa kawaida, na wakazi wa milimani. Kwa hawa wa mwisho kuna tatizo linaitwa mota. Baiskeli ya magurudumu mawili yenye mota ya wati 250, kiwango kinachoruhusiwa Ulaya, hupanda mlima ule haraka kiasi cha kutoyumba, na hoja bora ya traiki inapungua nguvu. Kwenye mteremko, mota inaongeza kilo tu.

Anayesitasita aazime traiki, afunge tela na kupakia kilo 35 za mchanga. Mlima utamfurahisha, kwa hiyo asiuache mlima umpe jibu. Atafute mteremko wenye kona chini, aanze polepole.