Msiwaite vibonde

Usiku wa tarehe 17 Aprili 2025 nilikuwa kibanda umiza cha mtaani kwetu. Nililipa kiingilio kama wenzangu, lakini macho yangu yalikuwa kwenye simu. Kwenye skrini kubwa Manchester United walikuwa wakipindua meza dhidi ya Lyon, ile mechi iliyoisha 5-4, na Maguire alipofunga la tano watu waliruka hadi benchi letu likavunjika mguu. Mimi roho yangu ilikuwa mjini Roma, kwenye mechi ya Lazio. Lazio walikuwa wameshinda 3-1 ndani ya dakika 120, jumla ya mechi mbili ikawa 3-3, na Bodø/Glimt wa Norway wakaenda kwenye matuta. Wakashinda. Nilipiga ukelele peke yangu. Jirani yangu akageuka: "Kaka, nani tena kafunga?" Nikamwambia Bodø/Glimt wametinga nusu fainali ya Europa League, mashindano ya pili kwa ukubwa ya klabu za Ulaya, timu ya kwanza ya Norway kufika hapo. Akasema hajawahi kuwasikia.

Yeye simlaumu hata kidogo. Ninayemlaumu ni mchambuzi niliyemsikia redioni juzi, mtu anayelipwa kuujua mpira, akisema vibonde wa ligi ndogo wanaharibu Ligi ya Mabingwa na wapunguzwe ili kila wiki tuone wakubwa kwa wakubwa. Neno hilo, vibonde, alilirudia mara nne au tano. Nimelala nalo, nimeamka nalo, na leo nalijibu.

Bodø ni mji ulio ndani ya Aktiki, ukanda wa baridi wa kaskazini kabisa mwa dunia. Ukiwakusanya wakazi wote wa manispaa ile, wazee hadi watoto wachanga, ukawaingiza Uwanja wa Mkapa, viti vitabaki. Uwanja wao, Aspmyra, unachukua watu kama 8,000. Mwaka 2016 walishuka daraja. Wakapanda, na mwaka 2020 wakachukua ubingwa wa nchi kwa mara ya kwanza katika historia yao, chini ya kocha Kjetil Knutsen. Oktoba 2021 wakaifunga klabu ya Roma ya kocha Mourinho 6-1, na wengi wakasema ni baridi, ni nyasi bandia, ni bahati. Januari 2026 Manchester City nao wakaenda kule wakala 3-1. Bahati ya namna gani inadumu zaidi ya miaka minne?

Sasa tuje kwenye jambo linaloniuma kweli. Agosti 2024, Bodø/Glimt, mabingwa wa Norway, walikuwa wameshatoa timu mbili kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa. Wakakutana na Red Star Belgrade ya Serbia kwenye raundi ya mwisho, wakashinda 2-1 nyumbani, wakafungwa 2-0 ugenini, wakatolewa. Hao ndio wale wale waliofika nusu fainali ya Europa miezi michache baadaye. Msimu huo huo Bologna ya Italia na Borussia Dortmund ya Ujerumani waliingia Ligi ya Mabingwa moja kwa moja, bila kucheza hata dakika moja ya mchujo, na wote wawili walikuwa wamemaliza ligi zao nafasi ya tano. Msimu uliofuata ikawa zamu ya Newcastle ya England na Villarreal ya Hispania. Nafasi ya tano tena, wote wawili.

Hizo ni nafasi mbili ambazo UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, waliziongeza walipopanua mashindano kufikia timu 36. Zinakwenda kwa nchi mbili ambazo klabu zake zilifanya vizuri zaidi Ulaya msimu uliotangulia. Wanaziita zawadi ya mafanikio. Lakini nchi yenye timu nyingi na fedha nyingi itashindwaje kufanya vizuri? Aliyeshiba anaongezewa sahani. Najua njia ya mabingwa, ule mchujo wa mabingwa wa ligi ndogo, nayo iliongezewa nafasi moja, nakubali. Moja kwa nchi zaidi ya 40, mbili kwa nchi mbili. Na mashindano yenyewe yanaitwa Ligi ya Mabingwa! Mtu amehenya msimu mzima, amewashinda wote nchini kwake, amebeba kombe, halafu Julai anaanza kupigania mlango ambao wa tano wa kwingine amefunguliwa akiwa bado likizo. Sijapata bado mtu wa kunieleza haki iko wapi hapo.

Mchambuzi wangu atanitajia Dinamo Zagreb wa Croatia, waliofungwa 9-2 na Bayern Septemba 2024. Ni kweli, ile mechi ilitia aibu. Lakini amalize hadithi. Dinamo hao hao waliifunga Milan na kumaliza na pointi 11, sawasawa na Manchester City. City walipita, wao wakabaki nje kwa tofauti ya mabao tu. Na Qarabağ wa Azerbaijan wametoka nyuma 2-0 mjini Lisbon wakaifunga Benfica 3-2. Atanitajia pia kwamba fedha za UEFA zinatajirisha klabu moja na kuua ligi za nyumbani, kwamba Ludogorets wamebeba ubingwa wa Bulgaria mara 14 mfululizo hadi 2025. Hapo ana hoja, sina jibu zuri.

Halafu kuna suala la viwanja. Februari 2025 Víkingur wa Reykjavík waliwafunga Panathinaikos wa Ugiriki 2-1 "nyumbani". Nyumbani huko kulikuwa Helsinki, kwa sababu Iceland haikuwa na uwanja unaokidhi masharti ya UEFA. Sisi huku tunalielewa jambo hilo kuliko wengi: mwaka 2024 Vital'O wa Burundi walicheza mechi yao ya nyumbani dhidi ya Yanga pale Chamazi, Dar es Salaam, wakafungwa 4-0, kisha ya marudiano wakafungwa 6-0 katika jiji lile lile. Nilikuwepo ile ya kwanza. Mashabiki wao walikuwa kakundi kadogo, wanaimba mpaka mwisho, na mimi Mwananchi, shabiki wa Yanga wa kuzaliwa, nikaona uchungu.

Klaksvík, visiwa vya Faroe, watu kama 5,000. Wote kwa pamoja wasingejaza hiyo hiyo Chamazi. Julai 2023 timu yao, KÍ, yenye wachezaji ambao baadhi wana kazi nyingine za kujikimu, ilikwenda Budapest kucheza na Ferencváros, mabingwa wa Hungary, baada ya sare ya 0-0 nyumbani. Ikashinda 3-0. Kocha wa Ferencváros akafukuzwa. Kisha KÍ wakawatoa mabingwa wa Sweden, Häcken, kwa matuta. Mwisho wa safari ile waliingia hatua ya makundi ya Conference League, mashindano ya tatu ya klabu za Ulaya, klabu ya kwanza ya Faroe kufanya hivyo, na huko wakatoka sare na Lille ya Ufaransa. Mwambie baba wa pale Klaksvík, aliyemwona mwanawe akicheza na Lille, kwamba mtoto wake aliharibu mashindano.

Nimemwomba mwenye kibanda chetu kwamba Julai, England ikiwa imelala, atuwekee mechi za mchujo kwenye ile TV ndogo ya pembeni. Amesema nikimletea watu kumi wa kulipa, ataweka. Nimeshapata sita, na mmoja wao ni yule jirani wa benchi.