Kanga Niliyoishona kwa Kompyuta

Shangazi yangu anakaa Kibokoni, Mji wa Kale, nyumba ya ghorofa tatu. Ukipanda juu kabisa, kwenye matangi ya maji na kamba za nguo, unaona mapaa mpaka Fort Jesus, na bahari nyuma yake. Ndiko nilikojitafutia balaa.

Nilikuwa nimesoma habari za mpiga picha mmoja, Max Lyons, ambaye mwaka 2003 aliunganisha picha 196 za majabali ya Bryce Canyon, Marekani, akapata picha moja yenye pikseli, yaani vinukta vya picha, zaidi ya bilioni moja. Nikasema, ikiwa yeye kafanya hivyo na mawe, mimi na Mombasa je? Sikukumbuka kwamba mawe hayaaniki nguo.

Kamera yangu ni ya kawaida, megapikseli 24, na lenzi ya milimita 200 niliiazima kwa mwenzangu anayepiga harusi. Mji unaupiga kipande kipande, kila picha ikiipandia jirani yake kwa theluthi, ili programu ipate vitu vinavyofanana vya kuzibana pamoja, kama fundi anavyolaza vitambaa kabla hajapitisha cherehani. Mwangaza, fokasi na rangi unavifunga mwenyewe kwa mkono. Ukiiachia kamera ijiamulie, anga hutoka mabaka kama shuka iliyomwagikiwa jiki. Nilipiga hesabu nikapata safu wima 26, kila safu picha 8, jumla 208.

Nilianza jua lilipochomoza. Shangazi akapanda kutazama tangi lake, akanikuta nazungusha kamera kidogo kidogo kwenye stendi, midomo ikinichezacheza.

"Kwani wewe waupiga picha mji au wauhesabu?"

"Vyote viwili, shangazi."

Kazi hii ina amri moja: ukianza, usisimame. Jua linapanda, vivuli vinahama, maji yanakupwa. Ngome haina shida. Wareno walianza kuijenga 1593 na tangu hapo haijasogea, sijapata mteja mtulivu kama huyo. Lakini vingine vyote vinatembea. Basi nimefika picha ya 88, mwisho wa safu ya 11, harufu ya tui ikapanda ngazi.

"Wewe! Mbaazi zapoa huku!"

Nikashuka. Nilikula mahamri matano, la sita nikalila kwa adabu tu. Nikiwa nakula, shangazi akajaza sahani, akaifunika kawa, akamtuma mtoto: "Mpelekee mama wa pili." Nilishangaa, maana na huyo mama wa nyumba ya pili hawakuwa wakisemezana. Wiki tatu nyuma tangi letu lilifurika, maji yakamshukia nguo zake zikiwa kambani zimeshakauka. Nikafurahi kwamba wanapatana, nikaongeza chai, nikarudi juu kumalizia safu 15 zilizobaki.

Usiku nikazitia picha zote kwenye Hugin, programu ya bure ya kuunganisha picha. Kompyuta yangu ina ramu ya GB 8 tu, ikavuma mpaka alfajiri kama feni ya msikitini. Ilipomaliza nikataka kuihifadhi kama JPEG, mtindo wa kawaida wa faili za picha, ikakataa: JPEG haivuki pikseli 65,535 kwa upande mmoja, na picha yangu ilikuwa na upana wa zaidi ya 70,000. Nikaihifadhi kwa mtindo mwingine, faili likatoka GB 7. Flashi nayo ikakataa, kwa sababu ilikuwa imefomatiwa kwa mtindo wa kizamani usiopokea faili linalopita GB 4. Nilikuwa na picha kubwa kuliko akili yangu na sina pa kuiweka.

Siku mbili nzima nikawa nawinda vioja. Kitu kikitembea kati ya picha na picha, programu hukishona vilevile ilivyokikuta. Nilipata paka wa miguu sita. Nilipata hamali anasukuma mkokoteni, kichwa hana, na bado anakwenda vizuri. Kunguru wa bawa moja nilihesabu hadi tisa nikachoka. Wote nikawarekebisha. Nilikagua kila chenye miguu na kila chenye mabawa. Nguo sikuzisoma.

Nikaichapisha kwenye bango la mita 3, nikalitundika sebuleni kwa shangazi. Akalia machozi ya furaha, naapa.

Ijumaa alasiri mama wa pili akaja kurudisha sahani. Sahani hairudishwi tupu, kwa hivyo ilikuja na kaimati. Akaisogelea picha, akafanya anachofanya kila mtu: akatafuta nyumba yake. Akaiona. Akatoa miwani kwenye mkoba. Kanga yenyewe pale ukutani haizidi upana wa kiganja, na herufi zake ni kama za gazeti, lakini zasomeka. Akasoma kwa sauti.

"ADUI WA MTU NI JIRANI."

Sebule ikanyamaza.

"Kumbe," akasema shangazi.

"Mimi? Haki ya Mungu sina kanga hiyo! Sijaiona hata dukani!"

Nikakimbilia kompyuta kumtetea. Nikawafungulia picha ya 83, ya saa 1:52 asubuhi: kanga nyekundu na nyeusi, mji wake, yaani sehemu ya kati, wa korosho, imeandikwa ADUI WA MTU NI MTU. Nikawafungulia ya 91, ya saa 2:36: kamba ileile, mahali palepale, rangi zilezile, korosho zilezile, ila jina ni NDUGU WA KARIBU NI JIRANI. Nikawaeleza kwamba katikati hapo mimi nilikuwa nakula. Programu imeona korosho na korosho, pindo na pindo, NI na NI, ikapitisha mshono papo hapo. Kushoto adui, kulia jirani. Hakuna aliyemtukana mtu, ni kompyuta tu!

Nikajiona wakili.

Mama wa pili akasema, "Waona? Sahani ilipofika tu, nikaanua ile nikatundika hii. Kwa ajili yako, shoga."

"Naona," shangazi akasema polepole. "Hebu rudisha ile ya kwanza."

Nikairudisha, mpumbavu mimi.

"Na hii uliyoianua, ilikuwa yaelekea wapi?"

"Kamba yenyewe yaelekea kwako, ningeigeuza vipi?"

"Ilikaa siku ngapi?"

Hakujibu. Akachukua kaimati moja kwenye sahani aliyoileta mwenyewe, akala. Shangazi naye akachukua moja. Wakatafuna wakitazamana, kisha wakageuka wote wawili wakanitazama mimi.

"Na wewe," akasema mama wa pili, "ndiyo kazi yako, kuchungulia kamba za watu? Alhamdulillahi sikuanika vya ndani."

"Nami nimempikia mbaazi," shangazi akasema.

Kwenye kompyuta nimeshasahihisha, ilichukua dakika mbili. Kuchapisha bango la pili ndiko kuna gharama, na hakuna aliyejitolea. Shangazi kapiga msumari palepale kwenye kanga akatundika saa ya ukutani, chini, usawa wa sofa, na wageni wakitaka kujua saa inabidi wainame. Mama wa pili naye kaagiza yake. Anataka nipande juu kwake nipige kuelekea huku kwetu, na kasema tangi lionekane vizuri.