Fomu faivu au chuo cha ufundi: njia mbili za kuufikia uhandisi

"Mjomba, mfumo umefunguliwa. Nibaki na PCM yangu au nibadilishe niende DIT?"

Ujumbe huo wa mpwa wangu uliingia usiku, na kabla sijaujibu mama yake alishanipigia simu. PCM ni mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati wa kidato cha tano na sita; DIT ni Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, chuo cha ufundi. Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, TAMISEMI huwapa vijana muda wa kubadilisha machaguo yao kwenye Selform, mfumo wa mtandaoni wa kuchagua shule na vyuo, na siku hizo nyumba yenye mtoto anayetaka uhandisi haikosi mabishano. Baba anasema fomu faivu, maana kwake chuo cha ufundi ni cha waliofeli. Mjomba aliyewahi kufanya kazi gereji anasema chuo, maana amewaona wenye shahada wasioijua spana namba kumi na saba. Wote wawili wana hoja, ingawa baba amechelewa kidogo: siku hizi wapo wenye alama nzuri kabisa wanaokwenda chuo kwa kupenda.

Tuanze na miaka. Anayepita PCM atasoma miwili ya kidato cha tano na sita, kisha minne ya shahada: jumla sita. Anayepita stashahada atasoma mitatu, kisha kwa kawaida minne ya shahada: saba. Mwaka mmoja tu ndio unaowatenganisha. Ila njia ya stashahada ina kituo katikati. Mwaka wa tatu ukiisha una cheti cha fundi sanifu, unaweza kushuka ukafanya kazi, ukarudi kupanda baadaye. Kidato cha sita hakina kituo. Ukianguka pale unarudi nyumbani na cheti ambacho hakuna mkandarasi atakayekiulizia, na wengi huishia kuomba stashahada ileile waliyoikwepa, wakiwa wamechelewa miaka miwili.

Hoja ya fedha sitakaa nayo sana. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2022/23, na mwaka 2023/24 Bodi ya Mikopo ikaanza kuwakopesha wanafunzi wa baadhi ya fani za stashahada. Mzani haujalala upande mmoja kama zamani.

Panaponigusa ni saiti. Mimi ni mtu wa PCM. Nilimaliza kidato cha sita, nikaingia shahada ya ujenzi, nikafundishwa kupiga hesabu za boriti mpaka nazipiga usingizini. Siku yangu ya kwanza kazini msimamizi aliniambia, "Kabla ya zege kumwagwa, kaangalie biskuti." Nilidhani ananitania kuhusu chai. Fundi sanifu mmoja mzee, mtu wa FTC, kile cheti cha zamani cha fundi sanifu, ya enzi za Dar Tech kabla haijawa DIT mwaka 1997, alinishika bega akanionyesha vile vipande vidogo vya zege vinavyowekwa chini ya nondo ili zisigusane na mbao. Visipokuwepo, nondo hukaa pembeni kabisa, unyevu unazifikia, zinashika kutu, na zege linapasuka. Darasani nilikuwa nimesoma habari hiyo yote kwa kipimo cha milimita. Nilichokuwa sijui ni jina lake na sura yake. Na ukiwa hujui jina la kitu mbele ya mafundi kumi na wanane, hiyo siku huwaongozi.

Mzee yule aliweza kusimama mbali akakwambia ringi za nguzo, vile vyuma vinavyozifunga nondo, zimeachana mno, bila futi. Huo ndio utajiri wa njia ya chuo cha ufundi: mkono hujifunza mapema, na kijana wa miaka ishirini anaingia saiti bila woga. Wenye shahada walipata mafunzo kwa vitendo wiki chache kila mwaka, na kwa baadhi yetu wiki hizo ziliishia kutoa fotokopi.

Lakini mzee huyohuyo, Mungu amweke, alikuwa na ugonjwa mmoja. Zege likiwa zito alimwita kibarua na ndoo ya maji. Kwa jicho, zege linakuwa laini, linateleza vizuri, kazi inakwenda. Kwa hesabu, maji yaliyozidi kiasi kinachohitajika na saruji huacha vitundu yanapokauka, na nguvu hushuka. Zege la daraja la 25 linatakiwa kubeba newton 25 kwa kila milimita ya mraba siku ya ishirini na nane. Ndiyo maana tunajaza zile kyubu za sentimita 15 na kuzivunja maabara. Kyubu zikifeli, nguzo imeshasimama siku ishirini na nane, na ghorofa jingine labda liko juu yake.

Mfano mwingine ni wa kutisha zaidi. Boriti ya kawaida, iliyoshikwa ncha mbili, huvutika upande wa chini, kwa hiyo nondo kubwa hulala chini. Fundi ameifunga hivyo mara elfu. Sasa mpe baraza linaloning'inia, limeshikwa upande mmoja tu. Hapo mvutano unahamia juu, na nondo lazima zihamie juu. Mazoea hayakwambii hivyo. Kinachokwambia ni mchoro wa nguvu, na mchoro huo unataka hisabati. Baraza lililofungwa kwa mazoea huanguka siku mbao zinapoondolewa, au siku ya sherehe watu wakijaa juu yake.

Hapo ndipo PCM inapolipa. Nilikaa chumba kimoja chuoni na jamaa aliyetokea chuo cha ufundi. Kwenye michoro alituacha mbali, lakini hisabati ya mwaka wa kwanza alisapu, yaani alirudia mtihani, kwa sababu sisi tulikuwa tunairudia na yeye alikuwa anakutana na nusu yake kwa mara ya kwanza. Tena yeye alikuwa na bahati. Mlango wa shahada unataka GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0 ya stashahada, na wapo mafundi sanifu hodari waliobaki nje kwa nukta chache.

Halafu kuna jambo ambalo mabishano ya nyumbani hayaligusi. Kwa Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, shahada peke yake haikufanyi uitwe mhandisi. Unasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, halafu unafanya kazi chini ya msimamizi, kwa kawaida miaka mitatu, ukijaza kitabu cha kazi, ndipo uombe kuwa mhandisi mtaalamu. Njia zote mbili zinakutana hapo, na wengi wanakwama hapo. Nimewaona vijana wenye shahada kwenye mradi mkubwa wakiandika mahudhurio ya vibarua mwaka mzima. Kitabu chao wangekijaza na nini? Kwa maoni yangu nani atakusimamia katika miaka hiyo mitatu ni swali zito kuliko PCM au stashahada, na hapa mwenye stashahada anatangulia kidogo: tayari kuna mtu saiti anayelijua jina lake na anayeweza kumwita.

Kwa hiyo nilimuuliza mpwa wangu swali moja: hisabati umepata ngapi? Angekuwa na A, au B aliyoipata bila kukariri, ningemwambia abaki na PCM na likizo zote azimalizie saiti. Ana C, na fizikia B. Tena ndiye aliyelifungua feni la bibi yake akiwa darasa la tano na akalirudisha likazunguka. Nilimwambia aende chuo, ila anunue na kitabu cha hisabati ya kidato cha tano, akisome mwenyewe kuanzia mwaka wa kwanza, kabla GPA haijaanza kumhukumu.

Mama yake hajafurahi. Amesema watu wa mtaani watauliza kwa nini hakwenda fomu faivu. Kijana mwenyewe ameshabadilisha, na ameomba aje nilipo kabla chuo hakijafunguliwa. Atakuja Jumatatu. Nimemtafutia kazi ya kupanga biskuti.