Ngoma ya Verdi na mkasi wa filamu

Wengi wanaoutambua mlipuko wa "Dies irae" ("siku ya ghadhabu") wa Giuseppe Verdi, mtunzi wa opera wa Italia, hawajawahi kuisikia yenyewe Misa ya Wafu unamotoka. Wameusikia katika Battle Royale, filamu ya Kijapani ya mwaka 2000, au katika Mad Max: Fury Road ya 2015, mtu aliyepofuka akimimina risasi gizani. Okestra inagonga mara nne, kwaya inapiga ukelele, ngoma kubwa inajibu. Mtazamaji ameshajua kuna balaa.

Wapo wanaosema huko ni kuinajisi sala. Siwapuuzi: maneno hayo, "siku ile, siku ya ghadhabu", yaliimbwa karne nyingi mbele ya majeneza. Lakini Verdi, aliyeitunga misa hii kumwomboleza mwandishi Alessandro Manzoni, aliiongoza mara ya kwanza katika kanisa la San Marco, Milano, tarehe 22 Mei 1874, na siku tatu baadaye ilikuwa La Scala, jumba la opera, watu wakipiga makofi. Haikungoja filamu ili itoke kanisani.

Halafu kuna Terezín. Katika kambi hiyo ya Wanazi, mfungwa Rafael Schächter, kiongozi wa kwaya, aliwafundisha Wayahudi wenzake misa hii ya Kikatoliki kwa nakala moja tu ya muziki na piano. Wanakwaya walipopakiwa kwenye treni za kwenda kambi ya mauaji ya Auschwitz, alikusanya wengine, wakaendelea kuimba hadi Juni 1944. Siku ya hukumu waliyoiimba iliwahusu wauaji wao. Nikikumbuka hilo, siwezi kusema kipande hiki ni mali ya dhehebu moja.

Kinachoniuma ni mkasi. Filamu hubeba kelele na kuacha kinachofuata. Sikiliza: kelele zinazama, kwaya inabaki ikinong'ona "Quantus tremor", mtetemeko ulioje, silabi zikikatika kama za mtu aliyeishiwa pumzi. Tarumbeta nne zilizofichwa nje ya jukwaa zinaitana na zile za okestra, hadi ukumbi unafurika. Ghafla kimya, na mwimbaji wa besi, sauti nzito ya kiume, peke yake: "Mors". Mauti. Verdi aliagiza ngozi ya ngoma ikazwe sana ili pigo la mwanzo liwe kavu na kali. Sasa ngoma hiyo inaguswa taratibu tu, na hapo ndipo mwili unaposisimka.

Watetezi wa filamu wana jibu la haki: kijana aliyeshtuliwa na sekunde 30 huenda akaitafuta misa yote. Ndivyo ilivyoanza kwangu mimi. Nilikaa nikiusubiri mlipuko urudi, na kweli unarudi, mara ya mwisho ndani ya "Libera me" ("niokoe"), sehemu ya mwisho ya misa. Ila haufungi misa. Anayebaki ni soprano, mwimbaji wa sauti ya juu ya kike, anayetamka kwa noti moja, karibu kama anaongea: niokoe, Bwana, na mauti ya milele. Kwaya inamfuata chinichini, sauti zinafifia hadi hazisikiki. Bado sijaona filamu iliyothubutu kutumia dakika hiyo.